Anayezima Moto Naye Huungua

Fanya jaribio dogo hosteli leo usiku. Waulize wenzako kumi namba ya dharura ya zimamoto. Wengi watakutajia 112, ambayo ni ya polisi. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ukishamaliza hapo, uliza swali la pili: yule askari anayetoka na gari jekundu kwenda kutoa watu kwenye moto, akiumia ndani kwa ndani, yeye anampigia nani? Nilipouliza kwenye chumba chetu, watu wanne walinitazama tu.

Nasoma ualimu, mwaka wa mwisho, siyo udaktari. Lakini swali hili nimelibeba muda mrefu kwa sababu tatu. Kaka yangu ni askari wa zimamoto. Kwetu ni Mlola, milimani Lushoto, ambako moto ukitokea anayeuzima ni jirani yako. Na mwakani, Mungu akipenda, mimi na wengi wenu mnaosoma gazeti hili tutakuwa walimu wa zamu kwenye shule za bweni. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu kuliko tunavyodhani.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Jeraha la akili analolipata mwokoaji ni jeraha la kazi, sawasawa na kuungua mkono. Linaeleweka, linatibika, na kumwona mtaalamu siyo uoga wala ukichaa. Ni sehemu ya kazi yenyewe.

Kazi yenyewe ikoje

Wengi tunadhani zimamoto ni moto tu. Jeshi hili liliundwa kwa Sheria Na. 14 ya mwaka 2007, na jina lake lina maneno mawili: Zimamoto na Uokoaji. Hilo la pili ndilo linalobeba mzigo mkubwa ambao hatuuoni. Mtoto akitumbukia kisimani au kwenye shimo la choo, anaitwa zimamoto. Lori likibana dereva ndani ya kichwa chake, anaitwa zimamoto. Mafuriko, ghorofa kuanguka, mtu kuzama, wote ni wao.

Tukumbuke machache tu ya miaka ya karibuni. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara na watu 228 wakafa. Siku mbili baadaye fundi mmoja wa kivuko alitolewa akiwa hai, na nchi nzima ikashangilia. Lakini waliomtoa walikuwa wamezama na kuibuka mara nyingi kati ya miili. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka. Waliokufa papo hapo na hospitalini walizidi 100. Tarehe 3 Desemba 2023 matope yalishuka kutoka Mlima Hanang' na kufunika nyumba za Katesh, zaidi ya watu 80 wakapotea. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo, na waokoaji walichimba kwa siku kadhaa huku wakiwasikia watu walio hai chini ya kifusi.

Sisi tuliobaki tunakumbuka idadi, kisha tunasahau hata idadi. Aliyekuwa pale kwa mikono yake anakumbuka vitu vingine kabisa: simu inayoita mfukoni mwa mtu ambaye hatapokea tena, harufu, sauti iliyokuwa ikijibu saa nne na saa sita haijibu. Na ukiacha matukio makubwa yanayoingia kwenye taarifa ya habari, kuna yale madogo ya kila wiki ambayo hayatangazwi popote. Watafiti wa kazi hii wanasema mara nyingi kinachomwangusha askari siyo tukio moja kubwa bali mrundikano. Ni kama gunia la viazi kichwani: debe la kwanza unabeba, la pili unabeba, halafu mtu anaongeza kopo moja tu na magoti yanakubali.

Miili yao dunia imeanza kuihesabia haki. Mwaka 2022 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliitangaza kazi ya kuzima moto kuwa inasababisha saratani kwa binadamu, kwa sababu ya moshi na kemikali. Na akili je? Hilo nalo lilishasemwa. Shirika la Kazi Duniani liliporekebisha orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi mwaka 2010, liliuingiza kwa jina ule ugonjwa wa msongo unaofuata baada ya kiwewe. Yaani uko kwenye orodha moja na mapafu ya wachimba madini na masikio ya watu wa viwandani. Hakuna anayemwambia mchimba madini mwenye vumbi kifuani kwamba ajikaze kiume.

Nini kinatokea kichwani

Hapa nitatumia kidogo nilichokipata kwenye somo la saikolojia ya elimu, na mengine niliyoyasoma baada ya kaka kunitia wasiwasi.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa amigdala. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa getini: ikiona hatari inapiga kengele kabla wewe hujafikiri. Adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, maumivu yanapungua. Ndiyo maana mtu anaweza kuinua boriti ambalo kesho yake hawezi hata kulisogeza. Kuna sehemu nyingine, hipokampasi, ambayo kazi yake ni kama ya karani wa masjala: inachukua tukio, inaliandika tarehe na mahali, inaliweka kwenye faili la mambo yaliyopita.

Kengele ikilia kwa nguvu sana, karani anashindwa kufanya kazi yake. Tukio linabaki vipande vipande: picha, harufu, mlio, bila tarehe. Halafu siku moja, miezi sita baadaye, mtu anachoma takataka nyuma ya nyumba, harufu inafika puani, na ubongo hausemi "nakumbuka". Unasema "ni sasa". Jasho, mapigo ya moyo, mikono kutetemeka. Mwenye tatizo hajachagua kukumbuka. Kumwambia asahau ni sawa na kumwambia mwenye malaria asitetemeke.

Wataalamu wanazipanga dalili kwenye makundi manne. Kwanza, tukio kujirudia lenyewe: ndoto za kutisha, kuweweseka, picha kuja mchana kweupe. Pili, kukwepa: haendi njia ile, hataki mazungumzo yale, anabadilisha stesheni habari za ajali zikianza. Tatu, moyo na fikra kubadilika: kujilaumu, kutoona raha ya chochote, kuhisi ganzi hata kwa watoto wake. Nne, kengele kutozimika: kushtuka kwa mlango ukigongwa, hasira za ghafla, usingizi kukimbia, kukaa daima ukiangalia mlango.

Sasa jambo muhimu ambalo watu wengi hawaambiwi. Wiki za kwanza baada ya tukio baya, karibu kila binadamu mzima anapata baadhi ya dalili hizi. Huo siyo ugonjwa, ni akili inachambua mzigo. Wengi hurudi sawa wenyewe, hasa wakiwa na watu wa karibu, usingizi, chakula na kazi inayoeleweka. Kipimo cha kawaida ni mwezi mmoja. Dalili zikivuka mwezi, zikizuia kazi, ndoa au usingizi, hapo ni wakati wa mtaalamu. Na kama mtu anazungumzia kufa, au anaona afadhali asingekuwepo, husubiri mwezi. Unakwenda naye leo, na humwachi peke yake.

Tena siyo kila aliyeumia atakuwa na picha za kujirudia. Wengine kinachowapata ni sonona, huzuni nzito isiyoondoka. Wengine wanaingia kwenye pombe kwa sababu ndiyo dawa ya usingizi iliyo karibu. Kwetu milimani utasikia "fulani siku hizi amezidisha boha", na hakuna anayeuliza alianza lini na baada ya nini.

Kaka na nyama ya Idd

Kaka amenipa ruhusa niandike haya kwa sharti nisitaje jina, kituo wala ajali yenyewe, maana ile ajali ina wenyewe, waliofiwa.

Alikuja likizo Idd ya kuchinja, mwaka juzi. Tulimchinja mbuzi, vijana wakawasha moto uani, nyama ikaanza kuchomwa. Kaka, ambaye miaka yote ndiye mwenye kusimamia jiko na kugawa, aliinuka bila kusema, akashuka bondeni kwenye migomba na hakurudi mpaka jioni. Usiku hakulala ndani. Alikaa barazani na koti, na Mlola mwezi ule ni baridi ya kuuma mifupa. Siku ya tatu alimfokea mama kwa sababu ya kikombe kilichoanguka. Kaka yangu siyo mtu wa kumfokea mama.

Mama alisema mtoto wake amepatwa na jicho. Shangazi akasema ni jini la barabarani. Baba akanyamaza, halafu akasema, "Mwache, ni mwanajeshi huyo, atakaa sawa." Mimi nilimfuata barazani, nikamuuliza kama ameshamwona mtu yeyote kazini kuhusu hali ile. Alicheka kidogo, akasema, "Dogo, nikisema silali, kesho gari likitoka mimi naachwa kituoni nafagia. Na wale niliozoea kuingia nao ndani ya moshi wataanza kuniangalia mara mbili."

Hiyo sentensi naifikiria mpaka leo, kwa sababu haikuwa ya mtu mwoga. Ilikuwa ya mtu anayeijua kazi yake. Ndani ya moshi huoni, unamshika mwenzako bega, na maisha yako yapo kwenye imani kwamba yeye hatayumba. Kaka alikuwa anailinda ile imani. Tatizo ni kwamba alikuwa anailinda kwa kuficha kitu ambacho siku moja kingeweza kuwaangusha wote wawili. Mtu ambaye hajalala wiki tatu, akili yake ni nzito kama ya mlevi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kwenye kazi hii hakimuumbui peke yake.

Kilichomwamsha siyo mimi, ingawa ningependa kusema hivyo. Ni sajini mmoja mtu mzima, ambaye walipokuwa wanaosha gari alimwambia kama anaongelea mpira tu: "Mimi baada ya tukio fulani nilikwenda kwa daktari wa akili miezi minne. Unaniona nimepungua wapi?" Wiki iliyofuata kaka alikwenda hospitali ya rufaa ya mkoa anakofanyia kazi. Sasa analala. Nyama choma bado hali, na anasema hana haraka nayo.

Kwa nini hawaendi

La kwanza nimeshalisema: hofu ya kuonekana huwezi. Kwenye majeshi yote, na siyo hapa kwetu tu, kimya kinahesabiwa kama ukakamavu.

La pili ni majina. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili iko Mirembe, Dodoma, na sote tumeshawahi kusikia mtu anaambiwa "wewe wa kupelekwa Mirembe" kama tusi. Sisi wa Usambara tuna letu. Shuleni ukifanya jambo la ajabu unaulizwa kama umetoroka Lutindi. Wachache wanaijua historia ya pale tunapopachekea. Lutindi, kwenye milima ya Usambara upande wa Korogwe, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwahifadhi watoto waliookolewa utumwani. Mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, ikiwa miongoni mwa hospitali za kwanza kabisa za aina hiyo Afrika Mashariki, na mpaka leo inaendeshwa na Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT. Wagonjwa hupewa dawa, lakini pia hulima, hushona, hufanya kazi za mikono. Yaani zaidi ya miaka mia moja milima yetu ina mahali pa kutibia akili, na sisi tumepageuza kuwa utani.

La tatu ni uhaba wenyewe. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini wanahesabika kwa makumi, siyo mamia, na wengi wapo miji mikubwa. Askari aliye wilayani anaomba ruhusa, nauli, na maelezo ya kumpa bosi.

La nne ni lugha. Tunasema "stresi" kwa kila kitu, kuanzia bumu kuchelewa mpaka mtu aliyebeba maiti za watoto. Neno likibeba kila kitu, mwishowe halibebi kitu. Kiswahili kina neno zuri, kiwewe, lenye ndani yake kupigwa na butwaa, hofu na kuchanganyikiwa. Tulitumie. Mtu akisema "nina kiwewe cha lile tukio", anaeleweka kuliko akisema "nina stresi".

Ukienda, unafanyiwa nini

Nadhani hofu nyingi zingepungua kama watu wangejua kinachotokea baada ya kufungua ule mlango.

Mtaalamu wa saikolojia tiba au daktari wa akili anaanza kwa kuuliza: usingizi ukoje, chakula, pombe, nyumbani, lini yalianza, umewahi kufikiri kujidhuru. Unayomwambia ni siri, isipokuwa pale maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini. Hakuna anayekulaza kwa nguvu kwa sababu huli nyama choma.

Tiba yenye ushahidi mzuri kwa kiwewe ni ya mazungumzo yenye mpangilio. Mgonjwa anafundishwa kwanza kutuliza mwili: kupumua, kulegeza misuli, kujua dalili zinapoanza. Kisha, polepole, kwa msaada wa mtaalamu, anasimulia tukio tangu mwanzo mpaka mwisho, anarudia, mpaka yule karani wa masjala anapata nafasi ya kuandika tarehe: hili lilitokea siku fulani, mahali fulani, na limekwisha. Wanapima pia yale mawazo ya kujilaumu. "Ningewahi dakika mbili angepona." Je, ni kweli? Gari lilifika saa ngapi, mlango ulikuwaje, nani mwingine alikuwepo? Mara nyingi mtu anagundua kwamba amekuwa akijihukumu kwa kosa ambalo halikuwa mikononi mwake. Kazi hii huchukua vikao kadhaa, mara nyingi kimoja kwa wiki. Wengine huongezewa dawa za sonona. Hizo dawa hazikufanyi zuzu, na unaanza na kuacha kwa maelekezo ya daktari, siyo ya jirani.

Kuna kitu kimoja ambacho kinaonekana cha busara lakini siyo: kuwakusanya askari wote siku ya pili na kumlazimisha kila mmoja asimulie alichoona kwa undani. Shirika la Afya Duniani linashauri kisitumike, kwa sababu hakizuii ugonjwa na wengine kinaweza kuwaumiza zaidi. Saa za mwanzo kinachosaidia ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo shirika hilo na wenzake walitoa mwongozo wake mwaka 2011. Ina mambo matatu. Angalia: nani yuko salama, nani anatetemeka, nani hajala. Sikiliza: kama anataka kusema, bila kumchimba. Unganisha: na familia, na maji na blanketi, na mtaalamu akihitajika. Hivyo hata mimi na wewe tunaweza kufanya.

Na uhaba wa wataalamu usitukatishe tamaa kabisa. Jirani zetu Moshi, pamoja na Bungoma kule Kenya, ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kwa watoto 640 waliofiwa na wazazi. Tiba ya kiwewe haikutolewa na madaktari bingwa bali na watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa vizuri. Watoto wengi walipata nafuu, ingawa faida ilidumu zaidi upande wa Kenya kuliko kwetu. Somo ninalolipata ni kwamba ujuzi huu unafundishika, ila mafunzo ya siku moja na cheti hayatoshi. Usimamizi lazima uendelee. Zimamoto wa New York nao, waliopoteza wenzao 343 siku moja tarehe 11 Septemba 2001, waliwatumia askari wenzao waliofunzwa kukaa na kuzungumza vituoni. Sajini wa kaka alifanya hivyohivyo bila kufunzwa na mtu. Fikiria kama kila kituo kingekuwa na wawili wa namna yake, waliofunzwa.

Nina pendekezo moja kwa wenye mamlaka. Baada ya tukio lenye vifo, kila askari aliyekuwepo amwone mtaalamu kwa faragha, mmoja mmoja, kama utaratibu wa kazi, bila kulazimishwa kusimulia. Ikiwa ni wote, kuanzia kamanda mpaka dereva, hakuna atakayeonekana amepungua. Aibu inaisha pale jambo linapokuwa la kila mtu.

Mlola, ambako zimamoto ni jirani

Haya yote yanahusu askari mwenye kofia, kituo na mshahara. Sasa njoo kwetu.

Tangu nizaliwe, miaka 22, sijawahi kuona gari la zimamoto likizima moto Mlola. Barabara ni kona na makorongo, nyumba zimeshikilia miteremko. Moto ukishika, mtu anapiga yowe, watu wanatoka na ndoo, mchanga, matawi mabichi na mapanga. Nyumba nyingine zina petroli ya bodaboda kwenye chupa za maji chini ya kitanda. Gari la mboga likidondoka korongoni alfajiri, wanaoteremka kwa kamba ni madereva wa bodaboda na wakulima waliokuwa wanakwenda shamba. Wakishamaliza, wanaosha mikono mtoni na kuendelea na safari. Hakuna anayewauliza wamelalaje.

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria, hatua chache kutoka uwanja wa Bukoba, waliofika mwanzo walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai, 19 walikufa. Mvuvi kijana, Majaliwa Jackson, aliyesaidia kufungua mlango wa nyuma kwa kasia, alishangiliwa nchi nzima, akapewa fedha, akachukuliwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Vizuri kabisa. Yeye mwenyewe alisimulia pia jinsi alivyojaribu kuwafikia marubani na akashindwa. Sisi tulipiga makofi kwa wale 24. Nimekuwa nikijiuliza kuhusu wavuvi wengine wote wa asubuhi ile, ambao hawakuitwa popote, waliorudi majumbani na wale 19 vichwani.

Na sisi walimu watarajiwa tujitazame. Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, bweni liliungua na wasichana zaidi ya 40 wakafa. Idodi, Iringa, mwaka 2009, wasichana 12. Byamungu, Kyerwa, Septemba 2020, wanafunzi 10. Bweni la shule ya kijijini likiwaka saa saba usiku, wa kwanza kufika ni mlinzi, mwalimu wa zamu na majirani. Yule mwalimu Jumatatu anatakiwa aingie darasani afundishe. Kwenye kozi zetu tunafundishwa kumshauri mwanafunzi aliyefiwa. Hatufundishwi mwalimu mwenyewe aende wapi.

Tufanye nini

Usimuulize mwokoaji "uliona nini?". Hilo ni swali la kutaka stori. Muulize "unalala?" Ni swali dogo, halina aibu, na jibu lake linasema mengi.

Akikuambia kitu, usimpe hotuba. Usiseme "shukuru Mungu wewe mzima" wala "wenzako wameona makubwa zaidi". Sikiliza, kisha mwulize kama angependa umsindikize. Neno "tutakwenda wote" linafungua milango ambayo "nenda hospitali" haiifungui.

Dua iendelee, na kliniki iendelee. Mama yangu bado anamsomea kaka, na kaka bado anakwenda kwa daktari, na wala havigombani. Shehe au mchungaji mzuri naye atakuwa wa kwanza kukuambia ukamwone mtaalamu.

Mahali pa kuanzia ni pa kawaida kuliko tunavyofikiri. Hapa chuoni ni ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Kijijini ni kituo cha afya au zahanati, na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambao kazi yao ni pamoja na kukuelekeza mbele. Mkoani ni hospitali ya rufaa, uliza kitengo cha afya ya akili. Juu zaidi kuna Muhimbili na Mirembe, na kwa sisi wa Usambara, Lutindi ipo palepale mlimani.

Na lile tusi la Mirembe na Lutindi, tuliache. Huwezi kujua nani yuko chumbani anakusikiliza, ambaye jana alikuwa karibu kuamua kwenda.